Merikebu za Matanga na Ndoto ya Kumiliki Moja Ukiwa Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wapenzi wa maharamia wa kale na merikebu zao wanaoishi Nairobi, kilomita karibu 480 kutoka baharini, na wanaotaka siku moja kushika usukani wa chombo chao wenyewe. Majina ya sehemu za chombo tumeyaacha kama yanavyotajwa pwani, kwa sababu fundi wa Lamu au Mombasa ndiye utakayeongea naye siku ya kazi.

Merikebu ni ipi hasa? Chombo chochote chenye milingoti mingi?

Hapana. Tazama kwanza matanga yanavyokaa, ndipo uhesabu milingoti. Tanga linaloning'inia kwenye foromali, yaani mti wa kubebea tanga, iliyolala kutoka ubavu hadi ubavu ni tanga la kukingama. Tanga linalofuata urefu wa chombo, kutoka omo (mbele) kuelekea tezi (nyuma), ni tanga la urefuni. Matanga ya jahazi na mashua yamo kundi hili.

Milingoti 3 au zaidi, yote ikiwa na matanga ya kukingama, hiyo ni merikebu kamili. Mlingoti wa nyuma, yaani wa galme, ukiwa na matanga ya urefuni peke yake, chombo ni barki. Milingoti 2 yote ya kukingama ni brigi. Brigantini ina matanga ya kukingama mlingoti wa omo, na nyuma tanga kubwa la urefuni. Skuna ni ya matanga ya urefuni, milingoti 2 au zaidi. Slup ina mlingoti mmoja tu. Ule mti uliolala mbele ya omo ukielekea baharini ni mlingoti wa maji, na hauhesabiwi.

Maharamia wa kale walitumia vyombo gani?

Vidogo, mara nyingi zaidi ya wengi wanavyodhani. Kati ya miaka ya 1690 na 1730 chombo kilichowafaa kilikuwa slup: maji machache yanakitosha, kinapita penye miamba ambapo manowari haithubutu, na watu wachache wanaweza kukilaza ufukweni, wakakisugua na kukirudisha majini kwa haraka. Kusugua chini ya chombo kulikuwa suala la uhai. Wakati huo vyombo havikuwa vimevikwa shaba chini ya maji; jeshi la majini la Uingereza lenyewe lilianza kuvisha manowari zake shaba kwa wingi karibu na mwaka 1780. Chombo kilichoota majani na kome hakimfukuzi mtu wala hakimkimbii mtu.

Merikebu kubwa zenye majina walizipata kwa kuteka. Queen Anne's Revenge ya Edward Teach ilikuwa La Concorde, merikebu ya Kifaransa ya kubeba watumwa, iliyotekwa Novemba 1717 na kukwama North Carolina Juni 1718. Mabaki yake yalipatikana 1996. Whydah Gally ya Sam Bellamy ilitekwa mapema 1717 ikitoka katika biashara hiyohiyo, ikavunjika Cape Cod mwezi wa Aprili mwaka huo. Mabaki yake yalipatikana 1984, na mwaka uliofuata ikapatikana kengele yenye jina lake. Mpenzi wa merikebu aliye Afrika asilipite jambo hili juujuu: ukichora au kuchonga mfano wa Whydah, unachora chombo kilichojengwa ili kufunga watu ndani ya ngama, yaani sehemu ya chini ndani ya chombo. Kadi ya maelezo ya mfano wako iseme hivyo.

Je, walifika huku kwetu?

Walifika jirani kabisa. Kisiwa cha Sainte-Marie, pwani ya mashariki ya Madagaska, kilikuwa maskani yao. William Kidd alipitia Komoro mwaka 1697 na merikebu yake Adventure Galley, iliyokuwa na mizinga 34 na nafasi za makasia. Ilishushwa majini Deptford mwaka 1695, na kufikia 1698 ilikuwa imeoza na kuvuja kiasi cha kuachwa Sainte-Marie. Hata miaka 3 haikutimia. Kwa anayetamani chombo cha mbao katika bahari yenye joto, hili ndilo somo la kwanza.

Ukitaka kuona vitu vya merikebu ya enzi hizo bila pasipoti, panda treni hadi Mombasa, nenda Fort Jesus. Santo António de Tanná, fregata ya Kireno, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati Waomani wameizingira. Wapiga mbizi walichimbua mabaki yake kati ya 1977 na 1980, na vitu vilivyotolewa vimo katika jumba la makumbusho humo ngomeni. Haikuwa ya maharamia, lakini vitu vyake ni vya kizazi kilekile.

Niko Nairobi na sijawahi kushika kamba. Nianzie wapi?

Anza na kamba nyumbani, kisha maji baridi, kisha bahari.

Nunua mita 10 za kamba ya polista ya milimita 10. Jifunze mafundo manne hadi uyafunge gizani: kitanzi kisichokaza wala kuteleza, fundo la kusimamisha mwisho wa kamba, fundo la kufunga kamba kwenye nguzo kwa mizunguko miwili, na fundo la kuunganisha kamba nene na nyembamba. Kamba ya manjano ya plastiki inayouzwa kila duka la vifaa inaelea na ni nafuu, ila jua huila. Ikianza kutoa vumbi mkononi, itupe. Nailoni hunyumbuka, kwa hiyo ni ya nanga, si ya kupandishia tanga. Katani yetu inapendeza machoni, lakini hunywa maji na kuoza ndani kabla ya nje kuonyesha dalili.

Bwawa la Nairobi, ambako zamani watu walikuwa wakitweka matanga, lilizidiwa na gugumaji na uchafu. Siku hizi Naivasha ndiyo shule ya karibu, kilomita 90 hivi. Asubuhi ziwa hulala; upepo huamka mchana, na alasiri unaweza kuwa mkali ghafla. Rudi ufukweni kabla hujalazimishwa. Kuna hatari mbili za Naivasha ambazo hazimo katika vitabu vya wageni. Viboko ni ya kwanza: usipite kati ya kiboko na maji ya kina, na uondoke ziwani kabla ya jioni. Ya pili ni miti iliyokufa kandokando baada ya ziwa kupanda, kwani mingine imefichika chini kidogo tu ya uso wa maji.

Jambo jingine ambalo mtu wa bara hulijua akiwa amechelewa ni hewa. Naivasha iko karibu mita 1,880 juu ya bahari, na hewa huko ni nyepesi kwa takriban asilimia 17. Upepo wa kasi ileile utakusukuma kwa nguvu zaidi Mombasa. Aliyezoea kubeba tanga zima Naivasha apunguze tanga anapofika pwani, mpaka mwili uzoee tofauti hiyo.

Naweza kujenga chombo Nairobi nikakipeleka pwani?

Kidogo, ndiyo. Upana ndio unaoamua: ukizidi mita 2.5 hivi unaingia kwenye mzigo usio wa kawaida, unaohitaji kibali cha KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, na mara nyingi gari la kusindikiza. Mashua ya plaiwudi ya mita 4 hadi 5, upana mita 1.8, hukaa kwenye trela bila shida.

Plaiwudi huuzwa vipande vya milimita 2,440 kwa 1,220. Muhuri wa "marine" usikutoshe. Kata kipande cha sentimita 10, kichemshe saa moja, kikaushe juani, kichemshe tena. Tabaka zikiachana, gundi yake si ya majini, hata muuzaji akiapa. Tazama pia ukingo wa ubao: tundu likionekana kati ya tabaka, maji yatapita humo na kuozesha kutoka ndani.

Mbao za kawaida zina tabia yake. Mbao iliyokaushwa katika hewa kavu ya Nairobi ikifika pwani huvimba. Ukizibana bila nafasi zitasukumana hadi misumari ing'oke. Kinyume chake, mashua ya mbao iliyoletwa Nairobi ikakaa uani miezi miwili itafunguka kila kiungo. Kabla ya kuirudisha majini, ifunike magunia, uyaloweshe asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, kisha uishushe mahali penye maji machache na pampu iwe tayari.

Si nafuu kununua jahazi kuukuu Lamu na kuligeuza kuwa merikebu ya maharamia?

Ni nafuu siku ya kununua. Swali hili huletwa na picha: watu wanataka milingoti mitatu, chumba kirefu cha nahodha huko tezi, na mizinga ubavuni. Jahazi limejengwa kwa mlingoti mmoja mfupi na foromali ndefu inayoshuka, na shehena yake hukaa chini. Kila kilo unayoiweka juu inaliondolea uwezo wa kurudi wima.

Piga hesabu. Chombo cha tani 12 ukikiongezea kilo 300 za milingoti na kamba, mita 5 juu ya kitovu cha uzito, kitovu chote kinapanda sentimita 12. Ongeza chumba cha tezi na watu 10 wanaosimama juu yake, nawe umekula nusu ya usalama wako bila kuona dalili yoyote gatini. Vasa, manowari ya Uswidi, ilipinduka tarehe 10 Agosti 1628 baada ya kusafiri kama mita 1,300 tu, kwa upepo mdogo, kwa kuwa ilikuwa nzito juu na farumi yake, uzito unaowekwa chini kukituliza chombo, haikutosha.

Kwa hiyo pima kabla ya kujenga, na upime tena baada ya kila ongezeko. Chombo kielee penye utulivu, kamba za gati zilegezwe, ngama ikaushwe, watu wasimame katikati. Ning'iniza timazi ya kamba ya mita 2 ndani ya ngama, risasi yake itumbukie kwenye ndoo ya maji ili isiyumbe, na utie alama. Sasa hamisha mifuko 4 ya mchanga ya kilo 50 kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, umbali wa mita 3, kisha utie alama ya pili. Tuseme timazi imesogea sentimita 10. Gawa 0.10 kwa 2 upate 0.05. Zidisha tani 0.2 kwa mita 3 upate 0.6. Zidisha tani 12 kwa 0.05 upate 0.6 tena. Gawa ya kwanza kwa ya pili: mita 1. Hicho ndicho kimo cha uthabiti. Baada ya ujenzi, timazi ikisogea sentimita 20 kwa mifuko ileile, uthabiti umebaki nusu mita. Mpe mhandisi wa vyombo takwimu hizo kabla hujapandisha mgeni yeyote, maana yeye pia ataangalia chombo kinavyojisimamisha kikiinama sana, jambo ambalo kipimo hiki hakionyeshi.

Ushauri wetu, kama ni lazima jahazi libadilike sura: liache na mlingoti wake, tafuta uzuri kwenye rangi, uchongaji wa tezi, kamba na taa. Ukitaka milingoti miwili, anza na mchoro wa skuna na mkuku (uti wa chini wa chombo) mpya.

Nitajuaje chombo cha mbao ni kizima kabla ya kulipa?

Nenda na msharasi (chuma chembamba chenye ncha kali), nyundo ya mbao, tochi, na uzi wa mita 20. Nenda siku ya bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ambapo Mombasa na Lamu maji hupwa sana kuanzia kama saa nne hadi saa tano asubuhi. Chombo kikilala mchangani utaona chini yake yote.

Vuta uzi kutoka omo hadi tezi kando ya mkuku. Mkuku ukiwa umepinda, katikati ukapanda na ncha zikashuka, mataruma (mbavu za chombo) yamechoka, na rangi mpya haitaficha hilo. Kisha choma kwa msharasi penye mashaka: mahali mkuku unapokutana na mti wa omo, miguu ya mlingoti, ncha za miti inayobeba sitaha (sakafu ya juu), na kila pembe ambapo maji ya mvua hutuama. Wengi huogopa maji ya chumvi, kumbe maji ya mvua ndiyo huozesha zaidi. Kuvu hustawi ubao ukibeba unyevu unaozidi asilimia 20 hivi, na chumvi huichelewesha. Ndiyo maana chombo huoza kutoka sitahani kushuka chini.

Chini ya maji adui ni mnyoo wa baharini. Anaingia akiwa mdogo kiasi cha kuacha tundu la ukubwa wa kichwa cha pini, kisha hunenepa akichimba ndani kama kidole. Nje ubao unaonekana mzima. Gonga kwa nyundo: ubao mzima hulia, ulioliwa hutoa sauti ya gunia. Mwisho, mwombe muuzaji ruhusa ya kung'oa misumari miwili, mmoja karibu na maji na mmoja chini. Msumari uliokonda kiuno umekwisha, na mingine yote ni ya umri huo.

Fundi anayetakiwa kukukagulia asiwe jamaa wa muuzaji, hata awe bingwa.

Kalafati na deheni ni kazi ya mara moja?

Kalafati, yaani kuziba viungo vya mbao kwa pamba, na deheni ya kupaka chini ni kazi ya maisha yote ya chombo. Fikiria mashua ya mita 9, yenye mbao 14 za upana wa sentimita 15 kila ubavu: una karibu mita 250 za viungo. Huvifungui vyote kila mwaka, lakini vyote huvikagua.

Kiungo kinachovuja kinasafishwa kwa ndoano hadi pamba kuukuu itoke, kinakaushwa, kisha pamba mpya iliyolowekwa mafuta inasokotwa na kusindiliwa kwa patasi butu na nyundo ya mbao. Hapa ndipo mkono wa fundi unapoonekana. Ukisindilia kidogo, pamba itatoka chombo kikianza kujinyonga kwenye mawimbi. Ukisindilia kupita kiasi, utazisukuma mbao zitoke kwenye mataruma, na zikivimba majini zitavunja misumari. Sauti ya nyundo hubadilika kutoka butu hadi kavu pamba inapokaa, hapo simama. Juu ya pamba hupakwa mchanganyiko wa kuziba, na chini ya maji hufuata deheni ya chokaa na shahamu. Juu ya mstari wa maji, mbao za pwani hupakwa sifa, mafuta ya papa. Harufu yake ni kali na haikwepeki.

Panga kukilaza chombo mchangani kila bamvua ya pili, ukisugue na kukiacha kikauke hadi maji yarudi. Mnyoo hachomoki kwa wimbo. Hufa kwa kukaushwa mara kwa mara, na kwa maji baridi ya mto.

Gharama je?

Tenga kila mwaka kama asilimia 10 ya thamani ya chombo kwa utunzaji. Ni kanuni ya wenye vyombo duniani kote, na kwa mbao katika bahari yetu huwa haitoshi. Anayemaliza akiba yote siku ya kununua amenunua kuni za polepole. Afadhali mashua ndogo yenye pesa za miaka 3 ya utunzaji benki.

Usisahau mlinzi, mahali pa kufunga, nanga mbili, na kamba ya nanga yenye urefu wa mara 5 hadi 7 ya kina cha maji wakati wa kujaa. Pwani yetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 siku za bamvua. Aliyepima kamba wakati maji yamekupwa hukuta chombo kimeburuta nanga usiku.

Na umiliki wa pamoja unawezekana. Watu 6 wanaogawana mashua wanaweza kufanya anachoshindwa mmoja, mradi waandikiane mapema nani analipa nini, zamu zinagawanywaje msimu wa kaskazi, na anayejitoa analipwaje.

Matanga ya kukingama au ya urefuni: lipi lifae chombo changu cha kwanza?

La urefuni. Tanga la kukingama ni tamu upepo ukitoka nyuma, lakini merikebu yenye matanga hayo haiwezi kwenda karibu na upepo zaidi ya nyuzi 65 hadi 70. Kubisha kwake, yaani kwenda kuelekea upepo kwa kupindapinda, ni safari ndefu ya kwenda na kurudi, na kila kugeuka kunahitaji mikono mingi. Tanga la urefuni hukaribia upepo zaidi na mtu mmoja analimudu.

Ukitamani foromali hata hivyo, weka moja ya muda kwenye mashua ya mita 5: mwanzi wa mita 2.4, tanga la mita 2 kwenda chini, jumla karibu mita za mraba 5. Utahitaji henza ya kupandisha, kamba mbili za kuzungusha ncha za foromali, na demani mbili za kushika pembe za chini. Zifunge zote kwa namna inayofunguka kwa mvuto mmoja. Tumia upepo ukiwa nyuma yako tu, na ulishushe kabla ya kugeuka. Upepo ukilipiga tanga hilo kwa mbele, chombo kidogo hurudi nyuma na usukani hufanya kazi kinyume. Tanga la pembe nne si geni kwetu hata kidogo. Mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba kilichojengwa visiwa vya Lamu, kilikuwa na tanga la mkeka la pembe nne.

Chombo kirefu kina kasi zaidi?

Ndiyo. Chukua urefu wa mstari wa maji kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 2.43: ndiyo noti zake za juu kwa kawaida. Mita 8 hutoa karibu noti 7, mita 25 karibu noti 12. Kutoka Mombasa hadi Lamu ni kama maili 130 za baharini. Kwa wastani wa noti 4 ni zaidi ya saa 32, kwa hiyo utalala njiani. Panga na upepo: kusi hukupeleka kaskazini na kaskazi hukurudisha, ila Juni na Julai kusi ni kali mno kwa chombo kidogo.

Sheria inataka nini?

Chombo kikaguliwe na kupewa leseni na KMA, mamlaka ya serikali inayosimamia vyombo vya majini, kabla ya kubeba watu. Maboya ya kuvaa yatoshe kila mtu aliyemo, watoto wapewe ya saizi yao, na atakayeongoza awe na cheti. Ukitaka mbao za mikoko kwa mataruma, kwa mfano mlilana au mkomafi, nunua kwa mwenye kibali cha huduma ya misitu. Ukataji ulipigwa marufuku nchini 2018, na Lamu ikaruhusiwa tena mwaka uliofuata kwa masharti.

Naweza kupeperusha bendera nyeusi na kufyatua mizinga?

Bendera ya fuvu ipambe nyumba, sherehe, au chombo kilichofungwa gatini kwa ruhusa ya mwenye gati. Baharini peperusha bendera ya Kenya. Uharamia wa kweli uliwatesa mabaharia katika bahari hii hii miaka si mingi iliyopita, washukiwa wake wakashtakiwa Mombasa, na walinzi wa pwani hawana sababu ya kukisia nia yako kwa mbali.

Mizinga ichongwe kwa mbao au faibaglasi, midomo izibwe kabisa. Baruti ni kilipuzi mbele ya sheria hata ikiwa kijiko kimoja. Isitoshe, mzinga wa chuma juu ya sitaha ni uzito uleule tuliopima kwa timazi.

Naweza kusafiri na merikebu halisi bila kuimiliki?

Ndiyo, na hii ndiyo njia tunayoipendekeza kwa mwenye ndoto kubwa na akiba ndogo. Europa, barki ya 1911, Statsraad Lehmkuhl ya 1914 na Stad Amsterdam ya 2000 huchukua watu wanaolipa na kufanya kazi kwa zamu: kuvuta kamba, kushika usukani, kuangaza, kusugua. Hutakiwi kuwa na uzoefu, na kupanda milingoti kwa kawaida ni hiari. Mashindano ya kimataifa ya merikebu, yaliyoanza 1956, hutaka nusu ya walio chomboni wawe na umri wa miaka 15 hadi 25, kwa hiyo kijana asingoje.

Kwa mwenye pasipoti ya Kenya, viza huanza kabla ya nauli. Angalia bandari ya kupandia na ya kushukia. Zikiwa nchi tofauti, kila moja ina masharti yake. Omba barua ya chombo yenye tarehe na majina ya bandari, na uanze miezi kadhaa mapema. Vua pete zote kabla ya kugusa kamba, na unywe dawa ya kichefuchefu kabla ya kung'oa nanga, kwani ukishaanza kutapika dawa haikai tumboni.

Ni nini huziua merikebu hizi?

Kuoza kulikoahirishwa, na ratiba. Bounty, iliyojengwa 1960, ilizama tarehe 29 Oktoba 2012 katika kimbunga Sandy. Kati ya watu 16, wawili walikufa, nahodha akiwa mmoja wao. Mataruma yaliyooza yalikuwa yameonekana gatini wiki chache kabla, na pampu zilizidiwa safarini. Hermione ya Ufaransa, nakala ya fregata iliyovuka hadi Marekani 2015, ilipandishwa kukaguliwa mwaka 2021 na kukutwa kuvu ndani ya mbao. Chombo cha watu wenye ujuzi na mamilioni ya yuro kimeoza. Cha kwako kitataka jicho kila wiki.

Nikitosheka na mfano mdogo wa kuweka sebuleni?

Mfano mzuri unakufundisha kila kamba inakwenda wapi, na hilo litakufaa siku ya bahari. Chagua kipimo kwanza. Merikebu ya mita 30 kwa kipimo cha 1:48 ni sentimita 62.5, kwa 1:64 ni karibu 47, kwa 1:96 ni 31. Anayeanza achukue 1:64 na chombo cha mlingoti mmoja. Slup ina kamba chache, nayo ndiyo chombo cha maharamia kuliko vyote.

Mbao laini za kuchonga, kama za jakaranda, hupatikana kwa wachongaji na kwa mafundi wa Gikomba. Omba mabaki, hutahitaji zaidi. Ubao wa sitaha wa sentimita 25 kwa 1:64 ni milimita 4 hivi. Loweka vibao vya ubavuni kwenye maji moto dakika 20, vipinde juu ya kikaango kilichofunikwa kitambaa, uvibane kwenye umbo hadi vikauke kabisa, ndipo utie gundi. Ukigandisha vikiwa na unyevu, nyufa zitatokea Januari hewa ya Nairobi ikikauka.

Kamba ya milimita 40 kwenye merikebu halisi ni uzi wa milimita 0.6 kwa 1:64. Uzi wa pamba hubadilika urefu kati ya msimu wa mvua na kiangazi, polista hutulia. Upitishe kwenye nta ya nyuki ili nywele zilale. Funga kwanza kamba zinazoshikilia milingoti, kutoka chini kwenda juu na kutoka katikati kwenda nje, ukivuta kushoto na kulia kwa zamu. Ukimaliza upande mmoja kwanza, mlingoti utapinda, na itabidi ukate zote uanze upya.